Je, Wajua? Ofisi Iliyo Ndani ya Nyumba

Je, wajua kwamba mfanyabiashara wa Lamu alikuwa na ofisi ya nyumbani karne nyingi kabla ya kompyuta? Mgeni wa biashara hakupelekwa ndani. Alikaribishwa dakani, pale mlangoni penye baraza za mawe huku na huku, na bei ya mchele, pembe au boriti ikapatanwa hapo hapo. Aliyekuja na jahazi kutoka mbali alipewa sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na vyumba vya wenye nyumba. Njia ya kutoka mlangoni hadi uani ilipindishwa makusudi: hata mlango ukiwa wazi, jicho la mpita njia liligonga ukuta.

Naanza na hili kwa sababu sisi wa siku hizi tunaanzia kwingine. Tunanunua kiti, tunanunua meza, tunaviweka sebuleni mbele ya televisheni, kisha tunashangaa kazi haiendi. Wazee wale walianza na mpaka.

Wajua kwamba vyumba vyao vilikuwa vyembamba? Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali bila kulegea, hivyo upana wa chumba haukuzidi sana mita 3. Urefu ndio uliokuwa wa kujitanulia. Basi anayelalamika kwamba chumba chake ni kama ukumbi wa kupitia tu, ajue biashara ya Bahari ya Hindi iliendeshwa humo.

Na jiko je? Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za umma za jiji la Frankfurt, Ujerumani, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alihesabu hatua za mpishi, akapanga kila kitu pale mkono unapokifikia. Majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yakajengwa. Kanuni yake inaifaa ofisi kuliko picha zote za majarida: kinachotumika kila saa kiwe ndani ya urefu wa kigasha ukiwa umekaa, cha kila siku kiwe mwisho wa mkono ulionyooka, na cha kila mwezi kiende kabatini.

Je, wajua kwamba mwaka 2010 kampuni ya usafiri ya Ctrip, mjini Shanghai, ilipotaka kujaribu kazi ya nyumbani haikumkubali kila aliyenyoosha mkono? Mtu alipaswa awe amekaa kazini miezi 6, awe na intaneti ya kasi, na awe na chumba cha kufanyia kazi peke yake. Nani aende nyumbani na nani abaki, ikaamuliwa kwa tarehe ya kuzaliwa, shufwa au witiri. Baada ya miezi 9, mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walikuta waliokwenda nyumbani wamefanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Habari hiyo hunukuliwa sana na wanaotaka kubaki nyumbani. Isiyonukuliwa sana ni kwamba, walipopewa nafasi ya kuchagua, karibu nusu ya hao hao waliomba kurudi ofisini. Upweke uliwashinda.

Wajua ni lini watu walianza kulizungumzia jambo hili kitaalamu? Mwaka 1973, ule ule ambao bei ya mafuta ilipaa duniani, mhandisi Mmarekani Jack Nilles alianza kueleza fikra ya kuipeleka kazi kwa mtu badala ya kumpeleka mtu kwenye kazi. Kompyuta ya nyumbani haikuwapo. Alichopendekeza yeye ni vijiofisi vilivyotawanywa karibu na makazi ya watu, ili foleni za magari zipungue.

Je, wajua kwamba ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Lamu, kibla ni kaskazini karibu kamili? Makka iko kwenye nyuzi zipatazo 40 za longitudo ya mashariki, na miji hii imejipanga chini yake karibu kwenye mstari ule ule. Meza inayoelekea kibla, basi, hupata jua la asubuhi mkono wa kulia na la jioni mkono wa kushoto. Si haba, kwa sababu dirisha lililo ubavuni ndilo bora: likiwa nyuma yako linajionesha kwenye skrini, likiwa mbele yako linakuchoma macho. Anayeandika kwa mkono wa kulia hutaka mwanga utoke kushoto, kivuli cha mkono kisiangukie mstari anaouandika. Kama yeye ni mtu wa kuamka alfajiri, aigeuze meza ielekee kusini.

Wajua kwamba jua la Dar es Salaam hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba? Mwezi Juni adhuhuri liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini. Jua hilo la juu halina taabu. Ukingo wa paa unalizuia. Taabu ni jua la saa 2 asubuhi na la saa 10 jioni, linaloingia kwa ubavu kupitia madirisha ya mashariki na magharibi, likapasha ukuta, meza na wewe mwenyewe. Ukipata nafasi ya kuchagua chumba, chukua chenye dirisha la kaskazini au kusini, hata kama ni kidogo. Pazia zito halisaidii sana hapo, maana joto limeshaingia ndani ya kioo. Kinachosaidia ni kivuli cha nje: mti, chiki la makuti, ukuta wa matofali ya matundu.

Na mwanga wenyewe unapimwaje? Kwa luksi. Viwango vya Ulaya vinataka luksi 500 juu ya meza ya kusomea na kuandikia. Nje, jua la mchana hufika hata luksi 100,000. Jicho hujirekebisha kimya kimya kati ya hali hizo mbili, ndiyo maana mtu hukaa chumba cha kiza akaamini kuna mwanga wa kutosha, mpaka kichwa kimuume.

Je, wajua kwamba kuisogeza taa nusu ya umbali kunaongeza mwanga wake mezani hadi karibu mara nne? Balbu moja ndogo iliyo karibu na karatasi huishinda kubwa iliyo darini. Hilo ndilo alilolitumia George Carwardine, mhandisi Mwingereza wa springi za magari, aliposajili mwaka 1932 taa yenye mkono wa kujikunja unaokaa popote ulipousukuma. Springi zake zinafanya kazi ya misuli: zinavuta, uzito wa taa unapinga, taa inatulia hewani. Miaka michache baadaye Mnorwe Jac Jacobsen akatengeneza ya kwake kwa mtindo huo, na taa hiyo ya Norway ndiyo iliyowapa Pixar kile kitaa kinachorukaruka mwanzoni mwa filamu zao.

Wajua kwamba feni haipozi hewa? Inaisukuma tu, jasho likauke upesi, na mota yake inaongeza joto kidogo chumbani. Kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kulipia joto. Kinachopoza ni upepo unaoingia upande mmoja na kutokea wa pili, na mwambao wetu umepewa upepo wenye ratiba: kaskazi kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi, na kusi kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha moja tu hakifaidi sana hata upepo mmoja kati ya hizo. Ukifungua na mlango, unaufaidi, lakini unapata na kelele za jikoni.

Kelele, ndiyo. Hapa nitakawia kidogo.

Je, wajua kwamba mwandishi Thomas Carlyle alijenga chumba kizima kwa sababu ya majogoo? Aliishi Chelsea, London, na kuku wa majirani walimtoa roho. Mwaka 1853 akaanza kujengewa chumba juu kabisa ya nyumba, chenye kuta mbili mbili, bila dirisha la pembeni, mwanga ukiingia kutoka kwenye paa. Fedha zikatoka, mafundi wakagombana, vumbi likajaa nyumba nzima. Kelele za majogoo zikapungua, lakini sauti za mbali, ambazo zamani hakuwa na habari nazo, zikaanza kumfikia waziwazi. Hata hivyo alikaa humo miaka mingi akiandika historia ya Mfalme Frederick wa Prussia, juzuu 6, akaimaliza 1865. Ukisikia jogoo wa jirani yako kesho, mkumbuke.

Marcel Proust naye, mjini Paris, mwaka 1910 aliwambisha gome la mti wa koki kwenye kuta za chumba chake cha kulala, nambari 102 barabara ya Haussmann. Hakuwa na haja ya meza. Aliandikia kitandani. Simshauri mtu, lakini kazi yake ilitoka.

Wajua kwamba ubongo huvumilia ngurumo kuliko maneno? Jenereta ya dukani inavuma saa nzima na unaisahau. Watu wawili wakinong'ona dirishani kuhusu harusi ya mtu unayemfahamu, sentensi uliyokuwa ukiiandika inayeyuka. Wachunguzi wamelipima hili mara nyingi: usemi unaoeleweka huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi hata ukijitahidi kutousikiliza. Ndiyo maana feni yenye mvumo hufaa kuliko redio yenye mtangazaji.

Na hapa watu wanachanganya mambo mawili. Zulia, pazia zito na rafu ya vitabu hupunguza mwangwi ndani ya chumba. Chumba cha vigae na plasta tupu kinadundisha sauti, na mwenzako wa upande wa pili wa simu anakusikia kama uko kisimani. Lakini vitu hivyo havizuii sauti ya nje. Sauti ya nje huzuiwa na uzito, yaani ukuta mnene na mlango mzito, na hupita kwenye upenyo wowote. Ule upenyo wa chini ya mlango unaingiza kelele kuliko ukuta mzima. Kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango ni shilingi chache kuliko yale masponji ya kubandika ukutani wanayouziana mtandaoni.

Mikutano ya video? Fungua kabati la nguo mbele yako. Nguo hula sauti kuliko sponji hizo.

Je, wajua kwamba Jane Austen, kwa masimulizi ya jamaa zake, alikataa mlango unaolia usitiwe mafuta? Nyumbani Chawton, alikohamia 1809, aliandika kwenye kijimeza cha mbao za mjozi chenye pande 12, kidogo kiasi cha kubeba chupa ya wino na karatasi. Mlango ulipolia alijua mtu anakuja, akaficha alichokuwa akiandika. Sisi tunayo hodi, na hodi ni chombo cha kazi kikitumiwa vizuri. Nyumba yenye watoto inaweza kukubaliana ishara moja tu, khanga iliyotundikwa kwenye kitasa kwa mfano, yenye maana ya "hodi isubiri".

Sasa viti. Wajua kwamba daktari wa Italia Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake cha maradhi ya wafanyakazi kilichotoka 1700 na kuongezwa 1713, aliwataja makarani? Alisema wanaumia kwa mambo matatu: kukaa kutwa, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kukazwa isikosee. Kalamu zilikuwa za manyoya, na bado orodha haijabadilika hata kidogo.

Charles Darwin, katika nyumba yake ya Down, Kent, alitia magurudumu kwenye kiti chake ili avifikie vielelezo vyake bila kuinuka. Thomas Jefferson alikwisha kuwa na kiti kinachozunguka tangu miaka ya 1770. Lakini Darwin huyo huyo alikuwa na njia ya kutembea nyuma ya nyumba, aliyoizunguka kila siku akifikiri. Magurudumu bila njia hiyo ni nusu ya hadithi.

Je, wajua habari ya madereva na makonda wa London? Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha hesabu zao za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na konda walikuwa watu wa mtaa mmoja, mshahara unaokaribiana, basi moja. Dereva alikaa, konda alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi, na yalipowapata makonda hayakuwa makali kiasi hicho. Ninapoona tangazo la kiti cha mamilioni kinachoahidi afya, namfikiria konda yule asiyekuwa na kiti kabisa.

Kusimama basi? Ernest Hemingway alipiga taipu amesimama, mashine ikiwa juu ya rafu ya vitabu, nyumbani kwake Cuba. Kusimama kutwa nako kunachosha miguu na kuvimbisha mishipa. Kinachotakiwa ni kubadilisha, si kuhama kutoka adhabu moja hadi nyingine.

Wajua kwamba kiti cha enzi cha pwani, kile cha mpingo cha kumkalisha mgeni mheshimiwa, kilikuwa na sehemu ya kuwekea miguu, na mgongo wake ulisukwa kwa kamba? Kamba hupitisha hewa. Mwaka 1994 Bill Stumpf na Don Chadwick waliitengenezea kampuni ya Herman Miller kiti cha Aeron, chenye wavu badala ya sponji na ngozi, na kikasifiwa dunia nzima kwa sababu ya hewa hiyo. Katika joto letu, kiti cha ngozi bandia ni kosa la kulipia. Kile cha kusukwa cha fundi wa mtaani, ukikiongezea mto mdogo kiunoni, kinafaa kuliko jina lake.

Urefu wa meza ni jambo la hesabu. Meza nyingi za dukani zina sentimita 75 hivi, na hazijui wewe ni mrefu au mfupi. Kaa wima, nyayo sakafuni, kunja kiwiko nyuzi 90, kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Hiyo ndiyo meza yako. Uzuri wa kuwa na maseremala kama wale wa Keko, Dar es Salaam, ni kwamba hawalazimiki kufuata kipimo cha kiwanda. Kosa letu ni kuwapelekea picha ya simu badala ya sentimita. Kama meza umeshainunua na iko juu, inua kiti, kisha weka ubao au kreti chini ya miguu.

Je, wajua uzito wa kichwa chako? Kilo 4.5 hadi 5. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo Kenneth Hansraj wa New York alikokotoa kwamba ukikiinamisha nyuzi 60, shingo inabeba mzigo sawa na kilo 27. Hesabu ilikuwa ya kompyuta, si ya watu waliopimwa, kwa hiyo iamini kwa kiasi. Lakini shingo yako mwenyewe itakwambia mwelekeo ni upi. Laptopu ndiyo mkosaji, kwani skrini na kibodi vimeshikana: ukiinua kimoja kwa ajili ya shingo, mikono inateseka. Vitabu vitatu vinene chini yake na kibodi ya kuchomeka vinamaliza ugomvi. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooka.

Na macho? Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Hapo dirisha linakuwa kifaa, si pambo. Ukikodolea skrini unapepesa macho mara chache zaidi, ndiyo maana yanakauka, hasa mbele ya feni.

Wajua kwamba karatasi 16 za A4 zikiunganishwa zinafanya mita moja ya mraba? Mpango huo ni wa Mjerumani Walter Porstmann, ukawa kiwango cha nchi yake mwaka 1922. Ndiyo sababu karatasi ya gramu 80, ambayo ni gramu 80 kwa mita ya mraba, ina gramu 5 tu kwa kipande, na rimu ya 500 ina kilo 2.5. Kabla ya kupakia rimu 20 kwenye kijirafu cha ukutani, zidisha.

Umeme sasa, haraka haraka. Plagi yetu ya pini tatu bapa ilitoka Uingereza, kiwango cha mwaka 1947, na ndani yake mna fyuzi. Pini ile ndefu ya juu hutangulia kuingia na kufungua vizibo vilivyoziba matundu mawili ya umeme. Anayechomeka kalamu au kijiti ili chaja ya pini mbili iingie anaivunja kinga hiyo kwa mkono wake. Ekstensheni nzima inalindwa na fyuzi ya ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa jumla: laptopu, taa, feni na rauta havifiki hata sehemu ya kumi. Ongeza birika la umeme na pasi, umekwisha.

Je, wajua kwamba kuchemsha birika mara tatu kunaweza kula umeme wa laptopu wa siku nzima? Birika la wati 2,000 kwa dakika 5 linatumia sehemu ya sita ya uniti. Laptopu ya wati 60 kwa saa 8 inatumia kama nusu uniti. Kwa hiyo mita ya umeme ya LUKU ikikimbia, usiilaumu kazi, ilaumu chai. Chupa ya chai imekaa pale mezani bure.

Wajua intaneti yako inatoka wapi? Kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipowashwa, Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti zilizo juu kilomita 36,000 hivi. Swali na jibu vilisafiri umbali huo mara nne, hivyo nusu sekunde ikapotea kabla ya mtu kusema "haloo". Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, Umoja wa Falme za Kiarabu, na EASSy ukafuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu kwenye mikongo ya SEACOM na EASSy iliwaonesha maelfu ya waliofanyia kazi nyumbani, Tanzania na Kenya, thamani ya kuhifadhi mafaili ya kazi ndani ya mashine yenyewe.

Rauta isifichwe kabatini, hata kama sura yake inachafua sebule. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5 na hupenya ukuta kuliko yale ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini huchoka upesi. Bati huyarudisha, maji huyanywa. Rauta iliyo nyuma ya friji, au upande wa pili wa ukuta wa mawe ya matumbawe wa nyumba ya zamani, inafanya kazi kwa hisani tu. Iweke juu, katikati ya nyumba.

Je, wajua kwamba ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani ni la Tanga? Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Kwao ni kwenye kivuli cha msitu, kwenye miamba yenye unyevu, kwa hiyo dirisha lisilo na jua kali linalitosha. Mwenzake wa nchi kavu ni Zamioculcas, mmea wa Afrika Mashariki na Kusini wenye majani ya kung'aa. Waholanzi walianza kuuotesha kwa biashara mwaka 1996, na sasa tunauziwa sisi kwenye vyungu vya bei. Unahifadhi maji katika shina nene la chini ya udongo na unavumilia kiza na mwenye nyumba msahaulifu.

Lakini usiununue ili usafishe hewa. Utafiti wa NASA wa mwaka 1989 unaonukuliwa kila mahali ulifanywa ndani ya masanduku yaliyozibwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring walipopiga hesabu za majengo halisi, waliona ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kushindana na hewa inayoingia na kutoka yenyewe. Fungua dirisha. Faida ya kijani iko machoni: mwaka 1984 Roger Ulrich alionesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa nyongo na kulazwa karibu na dirisha lenye miti walitoka hospitali mapema na kuomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali. Walikuwa 46 tu, lakini wamebadili michoro ya hospitali nyingi.

Wajua kwamba Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wa kazi zinazofanyiwa nyumbani, nambari 177, wa mwaka 1996? Haukuandikwa kwa ajili ya watu wa laptopu. Uliandikwa kwa ajili ya washonaji, wasukaji na wafungashaji wanaolipwa kwa kila kipande. Tazama cherehani barazani: imegeuzwa kufuata mwanga, mkasi uko mkono wa kulia, uzi umetundikwa usawa wa macho, mteja ana benchi lake na haingii ndani. Wasanifu wa mitandaoni wangefika hapo na daftari.

Ureno mwaka 2021 iliweka sheria ya kumzuia mwajiri asimsumbue mfanyakazi nje ya saa za kazi. Maya Angelou hakusubiri sheria: alikodi chumba cha hoteli mjini kwake, akaomba picha ziondolewe ukutani, akaandika humo asubuhi na kurudi nyumbani mchana. Roald Dahl alikuwa na kibanda bustanini, kiti cha kuegemea, ubao wa kuandikia mapajani na penseli 6 zilizochongwa kila asubuhi, meza hakuitaka.

Na George Bernard Shaw? Kibanda chake cha Ayot St Lawrence, Uingereza, kilikaa juu ya mhimili, akakisukuma kigeuke kufuata jua. Alikipa jina la London. Mgeni asiyetakiwa alipofika nyumbani, watu wa nyumbani walimjibu, bila kusema uongo, kwamba Bwana Shaw yuko London.